Koili ya Juu

Maji nimeshayavulia nguo, na hayaogeki.
Februari, Chicoutimi, nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri.
Nje katapila la theluji linakwaruza mtaa
kama mtu anayesugua sufuria iliyoungua,
nami nimesimama ndani ya beseni, kidole mbele,
nikingoja bomba libadili nia.

Halibadili.

Juu ya dari yangu nasikia bomba likifunguliwa,
likifungwa, likifunguliwa tena,
kisha tusi moja la kanisani, lile la baba yetu.
Basi hata Odile hana.

Miaka kumi na moja hatujasemeshana.
Nyumba tuligawana, yeye ghorofa ya juu, mimi ya chini,
yeye saa ya ukutani, mimi ufunguo wake.
Wakili alisahau kitu kimoja tu, kule stoo chini ya ardhi:
tangi la maji moto, galoni sitini.
Kila mwezi natia nusu ya bili kwenye kisanduku chake cha barua.
Kila mwezi hunirudishia senti zilizozidi.

Nikashuka na koti juu ya taulo,
nikamkuta amesimama na tochi.
"Swichi kuu?"
"Haijaruka."
Maneno yetu ya kwanza tangu mazishi.

Nilizima umeme. Umeme hauna undugu.
Nikafungua kifuniko cha juu, nikasogeza sufi ya kioo,
nikabonyeza kitufe chekundu.
Hakikulia. Hakikuwa kimeruka.
Odile akamulika karibu zaidi,
mkono wake una madoa ya uzee.
Yametoka lini?

Nikafungua nyaya, nikagusisha mita kwenye koili ya chini:
sindano ikainuka. Nzima.
Kwenye ya juu, sindano haikujisumbua.
"Kama ya chini ni nzima, mbona hatuna hata vuguvugu?"

Nikamweleza. Nimeendesha basi la shule miaka ishirini na sita,
na hakuna fundi aliyewahi kunifikia barabarani kabla sijamaliza kazi yake.
Ya juu ndiyo huanza, nikasema.
Ikishapasha sehemu yake, ndipo umeme hushuka.
Ya juu ikifa, ya chini hukaa gizani
na uzima wake wote, ikingoja zamu.

Odile akanyamaza.
Naapa, nilikuwa nazungumzia tangi.

Saa mbili duka la Villeneuve lilipofunguliwa alikwenda yeye,
akarudi na koili mbili.
"Mbili za nini?"
"Zilizaliwa pamoja. Na hiyo nyingine itafuata."
Tukamwaga tangi kwa mpira hadi kwenye shimo la sakafu,
yakatoka maji, halafu chokaa, vipande vipande,
kama maganda ya mayai ya miaka yote ile.
Koili ya zamani ilitoka imepasuka ubavuni.
Aliitia mfukoni. Sikumuuliza.

Nilipokaza ile ya pili, akanyoosha mkono kwenye swichi.
"Acha!" Nikamshika kifundo.
"Ikiwaka kavu inaungua. Tujaze kwanza."

Basi tukafungua bomba la moto jikoni kwangu.
Jikoni kwangu, na yeye ameketi.
Bomba likakohoa hewa, likatema, likakohoa,
naye akatazama ukuta wangu, pale ambapo saa ingekaa vizuri,
mpaka mkondo uliponyooka.

Wanasema maji ya moto hayachomi nyumba.
Tulipokwisha kuwasha, akauliza nani ataoga kwanza.
"Niliyefunga."
"Niliyelipa."
"Mimi nimekusaidia!"
"Umeshika tochi, Odile!"
Akapanda ngazi na sauti yake yote, mlango ukabamizwa,
na saa moja baadaye nikasikia, juu ya dari,
maji yakimwagika bila haya.

Nilikaa na taulo begani nikihesabu galoni.

Yakakatika.
Mapema. Yeye ambaye huoga mpaka kioo changu kinatoka jasho.

Nikaingia, kidole mbele.
Yalikuwa yamebaki.